Supu ya Saa Tano

Naftali Ombati alikuwa mtu wa pua. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika kiwanda cha chai huko Kisii, kwenye chumba cha kunyaushia majani, na mameneja wote waliokuja na kuondoka walijifunza jambo moja: Ombati akiinamia majani na kusema bado, basi bado. Hakuhitaji saa wala kipimo. Kwa hiyo mambo yalipokuja kufichuka, huko ugenini, hakuweza kumwambia mtu yeyote kwamba hakujua alichokuwa akinywa.

Alifika Richfield, ng'ambo ya bahari, Oktoba ya mwaka tisini na saba, miezi minne baada ya kumzika mkewe, Philister. Binti yake Keziah ndiye aliyemwita. "Baba, njoo ukae na sisi hadi Aprili," alimwambia kwenye simu. "Hiyo nyumba ukikaa peke yako itakumaliza." Naye akaenda, na sanduku moja na koti lake la kanisani, akiamini anatoka kwenye nyumba tupu kwenda kwenye nyumba yenye watu.

Watu walikuwapo, ila hawakuwa nyumbani. Keziah alihudumia wagonjwa katika nyumba mbili za kutunzia wazee, moja asubuhi na nyingine kuanzia alasiri, akarudi saa nne na nusu usiku ameshika viatu mkononi. Mumewe, Bravin, alifanya kazi Anoka, juu kabisa kaskazini, katika nyumba ya watu wenye ulemavu. Alilala huko huko juma zima, akarudi Ijumaa kabla jua halijatua ili Sabato imkute kwake. Mjukuu, Dinah, msichana wa miaka minane, alichukuliwa na basi la shule saa moja na nusu asubuhi na kurudishwa saa tisa na nusu. Akifika alimsalimia babu yake vizuri, akala nafaka na maziwa, akakaa mbele ya televisheni. Naftali akimwuliza jambo kwa Kiswahili alielewa kila neno, kisha akajibu kwa Kiingereza cha mbio ambacho mzee hakukipata. Baada ya hapo wote wawili walinyamaza kwa adabu.

Katikati ya basi la asubuhi na basi la alasiri, Naftali alikuwa peke yake. Uwanja wa ndege haukuwa mbali. Kila dakika chache ndege ilipita juu ya paa, vikombe vikatetemeka kabatini, kisha kimya kikarudi kikubwa kuliko kilivyokuwa.

Keziah hakumwacha na njaa, hilo halina ubishi. Aliamka saa kumi alfajiri akapika, akagawa chakula katika vyombo vya plastiki, na juu ya kila kifuniko akabandika karatasi yenye jina la siku. Jumatatu ugali na sukuma. Jumanne wali na maharagwe. Jumatano viazi na kuku. Alimfundisha baba yake kubonyeza maikrowevu, namba mbili, sufuri, sufuri, kisha kitufe cha kijani. Naftali alibonyeza. Chombo kilizunguka kwenye mwanga wake wa manjano, kikalia mara tatu, naye akakitoa na kula akiwa amesimama, kwa sababu kukaa peke yake kwenye meza ya viti sita kulimfanya ajione kama mtu aliyekuja kwenye mkutano siku isiyo yake.

Nyumbani, hata katika miaka ya shida, hakuwahi kula bila mtu kumwambia karibu. Philister alimnawisha mikono, akaweka sahani mbele yake, akasema, "Haya, karibu." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila hilo alilisema kila siku kwa miaka arobaini na mbili, na Naftali hakuwa amelisikia kwa kweli mpaka lilipokoma.

*

Mwezi wa Novemba, asubuhi moja ya Jumanne, alivaa koti zito la Bravin akatoka. Buti za theluji hakuwa nazo. Walikuwa waende kuzinunua Jumapili, na kila Jumapili kulitokea jambo. Akatoka na viatu vyake vya kiwandani, vyeusi, vyenye soli zilizolika hadi zikawa laini. Hakuwa na safari. Alipita nyumba zilizofanana, akapita kituo cha mafuta na duka la kufulia nguo, na baridi ilipoanza kumkata masikio aliona dirisha lililojaa mvuke.

Mvuke ndio uliomsimamisha. Ulikuwa mzito, umeganda kwenye kioo na kuteremka kwa michirizi, kama madirisha ya kiwanda asubuhi ya mvua. Juu ya mlango palikuwa na maandishi asiyoweza kuyasoma. Akasukuma mlango akaingia.

Kilikuwa chumba chembamba. Palikuwa na kaunta moja ndefu ya mbao na viti vinane virefu mbele yake, na nyuma ya kaunta masufuria mawili makubwa yakichemka. Mama mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi aliinua kichwa, akamtazama usoni, akatazama viatu, akatazama tena usoni.

"Keti," alisema kwa Kiingereza. "Masikio yako yameganda."

Naftali akaketi. Alisema anataka chai. Yule mama akamwekea kikombe cha chai ya kijani isiyo na maziwa wala sukari, na Naftali akainusa kwa mazoea, akajua haikuoza wala kukaushwa zaidi ya inavyotakiwa, na majani yalichumwa na mtu makini. Kabla hajaimaliza, mama akamletea bakuli ambalo hakuliagiza. Alilibeba kwa mikono miwili, akaliweka mbele yake taratibu, akaligeuza kidogo ili upande wenye ua jekundu umwelekee mgeni, akainamisha kichwa.

"Tafadhali," alisema.

Naftali alibaki akilitazama. Kulikuwa na tambi nyembamba ndefu, majani ya vitunguu, yai lililokatwa nusu, na vipande viwili vya nyama. Akafumba macho kuomba. Alipofumbua, yule mama alikuwa bado amesimama pale pale, mikono tumboni, akimngoja amalize.

Kisha harufu ikamfikia. Ilikuwa nzito na tamu, ya mifupa iliyochemka tangu jana. Haikuwa ng'ombe. Haikuwa mbuzi wala kuku. Naftali Ombati alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista kwa miaka kumi na tisa, na kulikuwa na mnyama mmoja tu aliyebaki. Ila alikuwa hajawahi kumwonja, na mtu ambaye hajawahi kuonja anaweza kujiambia kwamba hana hakika. Ndivyo alivyojiambia. Akasogeza vile vipande vya nyama kando kwa uma aliopewa, akala tambi, akala yai. Mwishoni akainua bakuli akanywa supu hadi akaona chini.

"Umekula vizuri," mama alisema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeona kitu kinachompendeza.

Kesho yake akarudi. Safari hii bakuli lilikuja bila nyama, na yai likawa zima badala ya nusu. Mama hakuuliza kitu. Naftali naye hakuuliza kitu. Angeuliza, angejibiwa, na akishajibiwa ingebidi aache.

*

Basi ikawa desturi. Siku zote isipokuwa Sabato, na Jumatatu ambayo duka lile la supu lilifungwa, saa tano kamili kabla wafanyakazi wa maofisini hawajaja kwa chakula cha mchana, Naftali aliketi kwenye kiti cha pili kutoka ukutani. Alikichagua kwa sababu kilikuwa karibu na masufuria, na pia kwa sababu kiliupa mgongo ubao ulioandikwa vyakula na vilivyomo.

Yule mama aliitwa Setsuko. Jina la pili lilikuwa Lindgren, la mume. "Hilo ni la bili za umeme," alisema. Alitoka Japani mwaka hamsini na nne, ameolewa na askari mrefu wa Anoka, na kabla hajavua koti mama mkwe alimwuliza kama anajua kuoka mkate. Mume alikufa miaka sita iliyopita. Binti mmoja, yuko Kalifornia, hupiga simu Jumapili. Duka alilifungua baada ya mazishi, kwa sababu alikuwa akipika chakula cha watu wawili na kumwaga cha mmoja.

Naye Naftali akamweleza habari za chai, za kiwanda, za Philister. Kiingereza chake kilikuwa cha mameneja, kilichojaa maneno ya mashine, na cha Setsuko kilikuwa cha kukatika katika. Kulikuwa na siku walizungumza sentensi tano tu. Setsuko alikata vitunguu, Naftali akamtazama. Mteja mwingine akiingia, Naftali alisogeza koti lake kumpa nafasi, kama mtu wa nyumba hiyo.

Kilichomsumbua ni vile vyombo vya plastiki. Kila asubuhi kabla ya kutoka alifungua chombo cha siku hiyo, akakimimina kwenye mfuko, akaufunga, akautupa katika pipa kubwa la takataka nyuma ya jengo la maduka. Akirudi kutoka kwa Setsuko aliosha chombo na kukianika mahali Keziah angekiona. Ugali uliosongwa na mwanawe saa kumi alfajiri, akautupa pipani na kufunika. Hakuwahi kumwaga chakula maishani mwake. Mara nyingine alisimama pale kwenye baridi ameshika mfuko ambao bado ulikuwa na uzito wa mkono wa mtu, na alitaka kurudi nyumbani akaule. Kisha akakumbuka ile meza ya viti sita, akafungua mkono.

Jioni Keziah aliuliza, "Baba, umekula?"

"Nimekula vizuri, mama."

Na lilikuwa kweli.

*

Februari, siku ya Jumatano, theluji ilianguka alfajiri yote. Ilipofika saa nne na nusu ilikuwa imekoma, na mitaa ilikuwa myeupe bila doa. Naftali akatoka kama kawaida.

Alikuwa ameshika bakuli kwa mikono miwili, anamalizia supu, mlango uliposukumwa kwa nguvu. Aliona kwanza uso wa Setsuko ukibadilika, ndipo akageuka. Keziah alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, bila koti, anahema. Kifuani sare ilikuwa na doa kubwa la uji.

"Baba," alisema. Akashika ukingo wa mlango. "Baba, nimekutafuta."

Mgonjwa mmoja alikuwa amemmwagia uji, naye akaruhusiwa kukimbia nyumbani abadilishe nguo. Akakuta nyumba tupu. Aliita bafuni, akaita chini kwenye chumba cha kufulia. Kisha akaona nyayo kwenye theluji, kuanzia mlangoni. Watu wote wa mtaa ule walivaa buti zenye meno chini. Nyayo hizi zilikuwa laini kabisa. Akazifuata kwa miguu. Zilimpeleka kwanza nyuma ya maduka, kwenye pipa la takataka. Kifuniko kilikuwa hakijafunika vizuri, na mfuko uliokuwa juu aliufahamu.

Akaja hadi kwenye kaunta, akaketi kiti cha karibu. Macho yake yakaenda ukutani, kwenye ubao. Akasoma, akasoma tena.

"Baba, hii supu ni ya mifupa ya nguruwe."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

Naftali aliweka bakuli chini. "Tangu siku ya kwanza," alisema.

Setsuko hakujua Kiswahili, ila kijiko alichokuwa akikifuta alikishika tu, bila kukifuta tena.

"Mimi sijali nguruwe," Keziah alisema kwa sauti ya chini. "Hayo ni yako na Mungu wako. Lakini naamka saa kumi, Baba. Saa kumi. Nasonga ugali nikiwa nimesinzia, najichoma. Na wewe unapeleka kwa *dumpster*."

"Chakula chako ni kizuri."

"Basi nini?"

Naftali alitafuta neno, akaliona ni dogo mno kwa mtu mzima kulisema. Alilisema hivyo hivyo. "Hakuna anayeniambia karibu."

Keziah alimtazama kana kwamba amesikia vibaya. Kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha, akajifuta pua kwa mkono wa sare. "Na mimi nani ananiambia? Unajua ninakula wapi? Kwa gari. Nikitoka *job* moja kwenda nyingine, natoa kontena langu, nakula taa ikiwa nyekundu, ikigeuka kijani naweka chini. Leo ni miaka mitatu."

Hilo Naftali hakulijua. Aliishi naye miezi minne na hakuwahi kumwuliza anakula wapi. Alikuwa ameona vyombo vingine kwenye friji vyenye herufi K, akadhani anakula na wenzake kazini.

Setsuko akamwekea Keziah kikombe cha chai. Keziah alitazama saa ya ukutani, akainuka. "Nimechelewa," alisema. Mlangoni akageuka. "Ukirudi, upitie njia iliyozolewa theluji. Hivyo viatu vitakuangusha." Akaondoka. Chai aliiacha ikitoa mvuke.

*

Sabato iliyofuata walikwenda Saint Paul, mahali Wakisii Waadventista walipokodi kanisa la watu wengine kwa saa za mchana. Baada ya ibada Naftali alimvuta kando mzee wa kanisa wa pale, kijana wa miaka thelathini na tano aitwaye Elkanah, muuguzi, akamweleza kila kitu. Alikuwa amejiandaa usiku mbili. Alitaka aambiwe akae kando, asisome neno, asimamie toba yake kama inavyofanyika nyumbani.

Elkanah alimsikiliza, akamwekea mkono begani, akatabasamu. "Mzee wangu, nchi hii hata mkate una mafuta ya nguruwe. Hata zile peremende za watoto. Ukianza kuchunguza utakufa njaa. Mwombe Mungu msamaha, usiitafute tena, yaishe." Akatazama saa. Alikuwa anangojwa hospitalini.

Naftali alibaki kwenye korido ya kanisa la kukodi, karibu na makoti ya watu. Alikuwa ameleta mzigo wa miezi mitatu, nao ukapokewa kama mwavuli unaowekwa kando mlangoni. Hakujua kwamba mtu anaweza kuwa peke yake hata katika dhambi.

Hakwenda dukani wiki hiyo wala iliyofuata. Alikula chakula cha vyombo, chote, akiwa ameketi. Alijilazimisha kuketi. Keziah alikagua pipa siku mbili za kwanza, kisha akaacha. Walizungumza kwa upole mwingi, kama watu waliobeba kioo.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, alikwenda kuaga. Alipoingia, Setsuko alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilidhani umekufa," alisema. "Umri wetu, mtu akikosa kuja, utafikiri nini kingine?"

"Mama, siwezi kula tena hapa." Akamweleza, pole pole, kwa Kiingereza chake cha mashine. Dini yake. Mnyama. Kwamba yeye Setsuko hana kosa hata kidogo, kwamba alijua na akanyamaza.

Setsuko alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikunjika. "Mama mkwe wangu," alisema, "alikuja kwangu kila Jumapili miaka tisa. Alileta mkate wake kwenye mfuko wa karatasi. Alikula mkate wake mezani kwangu." Akakunja kitambaa, akakikunja tena. "Wewe ulikula. Ulikula kisichofaa, na ukasema asante."

Naftali hakujua kama anashukuriwa au analaumiwa. Labda na yeye Setsuko hakujua.

"Njoo Jumatatu," alisema mwishowe.

"Jumatatu umefunga."

"Ndiyo. Njoo."

Jumatatu mlango ulikuwa na kibao cha kufungwa, lakini haukutiwa komeo. Ndani masufuria makubwa yalikuwa yamezimwa, yameoshwa, yamepinduliwa. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ndogo mpya, hata karatasi ya bei haijatoka yote. Naftali alisimama mlangoni. Harufu ilimjia, na mkono wake ukaenda ukutani.

Walikuwa samaki wadogo wa kukaushwa, wale wale wadogo kama kidole cha mtoto, wamechemshwa na majani ya bahari. Huko kwao walitoka ziwani, waliitwa omena, na Philister aliwachemsha kwanza, akamwaga maji ya uchungu, akawachemsha tena na nyanya. Mlango wa nyumba yake ulinuka hivyo kila Alhamisi.

Setsuko akaweka mabakuli mawili kwenye kaunta. Kisha akazunguka, akaja akaketi upande wa wateja, kiti cha kwanza kutoka ukutani. Miguu yake haikufika chini.

Naftali aliomba. Sala ilikuwa fupi. Akala kidogo, akaweka uma, akajifunika uso kwa viganja. Setsuko hakumgusa. Aliendelea kula tambi zake kwa kelele, kama wanavyokula kwao, ili yule mtu aliye kando asihisi anangojwa.

*

Usiku ule Naftali alikesha hadi Keziah aliporudi, akamwambia habari za supu yenye harufu ya omena wa mama yake. Keziah alikuwa anavua soksi. Alikaa na soksi moja mkononi kwa muda mrefu. Jumatatu ya pili alibadilishana zamu na mwenzake, akaja.

Setsuko akaweka mabakuli matatu. Keziah alikula haraka, kwa mazoea ya taa nyekundu, na alipofika katikati akashtuka mwenyewe, akapunguza mwendo. Alisema, "Ni kama ya Mama. Lakini Mama angetia pilipili." Akamaliza. Kisha akaegemeza kichwa kwenye mkono, juu ya kaunta, na kabla baba yake hajajibu alikuwa amelala.

Naftali akamtazama. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama za kuungua, tatu, moja mbichi. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi, na hakuwa amefikisha miaka thelathini na sita. Tangu Oktoba Naftali alihesabu upweke wa nyumba ile kuwa wake peke yake. Sasa aliona kwamba yeye alikuwa mgeni tu ndani yake. Mwezi ujao angepanda ndege, arudi mahali ambapo akikohoa njiani watu watatu wanamwuliza amelalaje. Mwenye upweke ule alikuwa huyu aliyelala, na angebaki nao.

"Nikiondoka," alimwambia Setsuko kwa kunong'ona, "akija, umwekee bakuli."

"Hatakuja," Setsuko alisema, naye kwa kunong'ona. "Watu wa kazi mbili hawaji. Nilikuwa mmoja wao." Akamtazama Keziah. "Akija, nitaweka."

Walimwacha alale robo saa. Kisha baba yake akamwamsha, kwa sababu ilikuwa lazima.

*

Naftali alirudi Kisii katikati ya Aprili. Keziah alimsindikiza uwanja wa ndege hadi mahali abiria wanapoachana na wenyeji, akamkumbatia kwa haraka na kwa nguvu, akakimbilia zamu. Mapema, wakitoka nyumbani, Dinah alikuwa amempa picha aliyoichora, ya mzee aliyevaa koti kubwa, akasema kwa Kiswahili, kila neno kwa kulipima, "Babu, safari njema." Lilikuwa jambo refu zaidi aliloambiwa na mtoto huyo kwa lugha aliyoielewa, nalo lilikuja mlangoni.

Karani wa kiwanda alimruhusu apokee simu ya binti yake ofisini, kila Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Huko kwa Keziah ilikuwa asubuhi ya saa nne. Miezi ilikwenda. Waliulizana afya, mvua, shule ya Dinah. Mara moja, mwezi wa Julai, Naftali aliuliza kama amewahi kupita kwa Mama Setsuko.

"Bado, Baba. Kila wiki nasema Jumatatu hii, halafu wananiita kazini."

"Haya."

Nyuma ya sauti yake Naftali alisikia mlio mdogo, tiki, tiki, tiki, wa taa ya gari inayotaka kugeuka. Akasikia kifuniko cha plastiki kikibanduka.

"Uko kwa gari?"

"Nimesimama kando ya barabara. Nina dakika kumi na tano. Ngoja tu niongee na wewe, nitakula baadaye."

"Hapana," Naftali alisema. "Kula."

"Baba, pesa ya simu inaenda."

"Iache iende." Akavuta kiti cha karani, akaketi, akahamishia mkono wa simu sikio linalosikia vizuri. Dirishani wachumaji wa mwisho walikuwa wakiteremsha vikapu. "Haya, mama. Karibu."

Kisha akasikia uma ukigusa chombo, na mtu akitafuna pole pole, upande wa pili wa dunia, naye akakaa kimya akamngoja.